Mwezi Ulioandama Kiwandani

Mimi sitaki kusikia mtu akisema kompyuta haikosei. Akisema mbele yangu nitamwuliza: Idi ya mwaka wa tisini na tano wewe ulikuwa wapi? Maana sisi wa Timbwani tulikuwa hapa hapa Likoni, na tuliiona Idi ikishushwa kwenye lori asubuhi na mapema, imefungwa ndani ya maboksi, na karatasi juu yake.

Aliyeileta ni mtoto wa kakangu, Ishaka. Nimemlea mwenyewe tangu babake alipotangulia mbele ya haki, kwa hiyo nikimsema msinikatize, haki hiyo ninayo. Ishaka ni kijana mzuri. Hanywi, havuti, na samaki ananunua bila kutumwa. Lakini ana ila moja: hawezi kufanya jambo mara moja likaisha. Kila kitu kwanza lazima kijaribiwe, halafu kifanyiwe mazoezi, ndipo kifanywe. Akinunua viatu, siku ya kwanza anavivaa chumbani akiwa amekaa kitandani. Siku ya pili anavivaa sebuleni, ananizunguka mimi na kiti changu mpaka kichwa kinaniuma. Siku ya tatu ndiyo anatoka navyo nje, na mimi hapo nimeshavichukia. Hata akitaka kuomba chumvi, utamwona midomo inamcheza kwanza.

"Sema, mwanangu," namwambia. "Chumvi tu hiyo, hujaomba kiwanja."

Ugonjwa huo aliupata kazini. Alikuwa mtu wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha mikate kule Changamwe. Kiwanda kilikuwa kikubwa, kinaoka boflo na keki, na malori yake yalivuka feri kuwaletea wenye vibanda wa huku kwetu. Zamani makarani waliandika kwa mkono boflo ngapi ziende wapi, na kila siku ni ugomvi. Meneja akachoka, akanunua kompyuta, akamwajiri Ishaka aziandikie programu. Basi ikawa kila jioni kompyuta inatoa karatasi: wapishi wanaambiwa waoke nini, madereva wanaambiwa wapeleke wapi. Karatasi ikisema oka, watu wanaoka, hakuna wa kuuliza.

Kompyuta zilikuwa tatu, na Ishaka alizipa majina ya nyumbani: Jikoni, Sebuleni na Barazani. Jikoni ilikuwa ya kwake peke yake, katika kijichumba nyuma ya ghala la unga. Humo alichanganya, akaunguza, akamwaga, na hakuna aliyeona. Kazi ikimridhisha anaipeleka Sebuleni, kompyuta ya Nicanor, karani mmoja wa kutoka bara, mcheshi, ambaye kazi yake ilikuwa kuitumia ile programu kwa kujifanya, kusudi aone kama ina kasoro. Ikipita kwa Nicanor, hapo ndipo inaingia Barazani, kompyuta ya kweli, ile iliyokuwa ofisini kwa meneja penye kiyoyozi. Barazani ukikosea umekosea mbele ya walimwengu.

"Sasa, shangazi, jambo lenyewe ni hili," alikuwa akiniambia kila tunapokula, utadhani nimemwuliza. "Programu ni moja kwa zote tatu. Lakini kila kompyuta ina mipangilio yake. Jikoni nimeiambia: usichape karatasi yoyote, na leo ni siku yoyote nitakayo mimi. Barazani imeambiwa: chapa, na leo ni leo. Programu inahama kutoka hapa kwenda pale. Mipangilio haihami. Haihami, shangazi, hata kwa bunduki!"

"Kumbe ni pilau hiyo," nikamwambia. "Pilau inatolewa kwenye sinia inakwenda barazani kwa wageni. Sufuria na masizi yake inabaki jikoni."

"Hasa! Hasa, shangazi!" Akafurahi mpaka akapaliwa. Mimi nami nikajiona mtaalamu, nikaanza kuwaeleza majirani.

Katika mipangilio hiyo mlikuwa na mwezi. Mwezi huu huu wa mbinguni. Wakati wa Ramadhani kiwanda kilibadilisha saa zake, boflo zikatoka mchana ili ziwahi futari. Idi ikifika, boflo zinawekwa kando, wanaoka keki. Lakini Idi, kama mjuavyo, haipangwi na mtu. Huenda ukafunga ishirini na tisa, huenda ukakamilisha thelathini, mpaka mwezi uandame uonekane. Na kompyuta haiwezi kutoka nje ikatazama juu. Kwa hiyo Ishaka aliiwekea mstari mmoja tu: MWEZI: BADO. Habari ikija kwamba umeonekana, meneja au yeye Ishaka anafuta hiyo BADO anaandika UMEANDAMA, na kiwanda kizima kinageuka keki, wateja nao wanachapiwa tangazo la Idi.

Haya, hayo ya kazini yaacheni hapo kidogo, niwaambie ya moyoni.

Mtaa wa pili kutoka kwangu alikaa Bi Mwanarehema, mjane, mwenye kibanda cha mikate. Mwanamke mrefu, ana haiba, na akicheka ujue kuna jambo. Binti yake ni Dhahabu, fundi wa cherehani, msichana mwenye maneno machache na yote makali. Ishaka alimpenda Dhahabu mpaka akawa hajielewi. Kila jioni ananunua boflo kwa mama yake, yeye ambaye kiwandani anapewa boflo za bure! Nyumba yangu ikajaa mikate. Kuku wangu walinenepa mwaka ule wakawa hawawezi kuruka.

Nikaona huu upuuzi uishe, nikaenda kuposa kama desturi inavyotaka. Bi Mwanarehema akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia, Mwanasaumu. Lakini atakayemuoa si wewe. Mlete mwenyewe nimsikie sauti."

Yarabi! Ilikuwa kama nimeleta habari ya vita nyumbani. Ishaka akajifungia chumbani akafanya majaribio na mto wa kulalia. Namsikia kupitia ukutani akiuambia mto, "Shikamoo, mama." Siku kadhaa hivyo. Kisha akaja kwangu, akataka mimi niwe Bi Mwanarehema. Mimi! Nikasema poa, nikavaa buibui, nikatia tambuu shavuni, nikakaa kitini na uso nimeukunja. Akaingia, akaeleza shida yake vizuri, na mimi nikamkatalia. Wallahi nilimkatalia kwa raha zangu. Nikamwambia miguu yake mibaya. Nikamwambia ukoo wetu ni wa watu walalaji, na ukoo wenyewe ni wangu pia. Kila usiku akirudi namfukuza, anapokea kwa adabu, anatoka. Mpaka akawa hodari wa kufukuzwa, hana mfano.

Siku ya siku tukaenda. Tumeketi, Bi Mwanarehema akatokea na sahani ya kaimati, akatabasamu, akasema, "Karibu, baba. Jisikie nyumbani. Utakunywa nini?"

Sasa hilo kwangu sebuleni hakuna aliyewahi kumwambia. Ishaka akasimama. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Nimekuelewa, mama. Wala sikulaumu. Mungu akuweke." Akavaa viatu vyake akaenda zake.

Mimi nikabaki nimekodoa macho, kaimati iko mkononi. Ningepata shimo ningejifukia. Nyuma ya pazia nilimsikia Dhahabu akicheka mpaka anakohoa.

"Huyu ni mzima?" Bi Mwanarehema akaniuliza.

"Mzima, dada. Ni mazoezi tu yamemzidi."

"Mtu anafanya mazoezi ya kukaribishwa?" Akatikisa kichwa. "Basi sikiliza. Ramadhani imekaribia, mimi sitaki maneno mengi. Jibu nitalitoa siku ya Idi. Nataka kumjua mtu huyu ni mtu gani, maana mpaka sasa sijamwona, nimeona maigizo. Na akifanya kioja kingine baina ya leo na Idi, basi mjue jibu mmeshalipata."

Ramadhani ile ilituangukia katika lile joto la Februari. Ishaka alifunga, akasali, akapita mbele ya kibanda cha Bi Mwanarehema ametazama chini, asije akakosea hata kutembea. Alikonda. Nilimhurumia mwanangu. Usiku anageuka kitandani, mchana anahesabu siku za kufika Idi kama mfungwa, na mimi naomba dua kimya kimya: Mola, kioja kisitokee. Kijana huyu akimkosa Dhahabu, nitaishi na kuku na huzuni yake mpaka kufa kwangu.

Ikaja siku ya ishirini na tisa. Kiwandani meneja akazuka na keki mpya, keki ya nazi, akataka iingizwe kwenye programu ya Idi siku ile ile. Ishaka akaingia Jikoni akaifanya kazi. Na ili aone Idi itakavyokuwa, katika mipangilio ya Jikoni akaandika MWEZI: UMEANDAMA, akairuhusu na kuchapa, na leo iwe leo, ili azione karatasi zenyewe. Hilo halikuwa kosa. Jikoni ni jikoni, andika utakalo. Akajaribu, keki za nazi zikatokea safi, akaibeba kazi yake kwenye disketi kwenda Sebuleni kwa Nicanor.

Mlango umefungwa. Akabisha. Kimya. Akabisha tena, "Nicanor! Nicanor, we!" Kimya.

Na Nicanor yumo ndani! Ila Nicanor alikuwa Mkristo, hafungi, na mwezi mzima alikuwa na tabia moja ya heshima sana: hakupenda kula mbele ya watu waliofunga. Kwa hiyo mchana alijifungia mle chumbani na kula ugali wake kwa siri, chini ya meza, mtu asimwone hata dirishani. Ishaka alipobisha, Nicanor alikuwa na tonge mdomoni. Akaona haya kuitika. Akatulia na ugali wake shavuni mpaka nyayo zikaondoka.

Basi Ishaka ana haraka, feri inamngoja, futari inamngoja, na kichwani Dhahabu. Akajiambia leo Sebuleni tuipite. Akaingia ofisini kwa meneja, akachomeka disketi, akamimina Barazani kila kilichokuwamo. Programu, mipangilio, vyote. Pilau, sufuria, masizi, na mwiko.

Akaja nyumbani tukafuturu. Tukakaa na redio yangu mpaka ikatangazwa: mwezi haukuonekana, kesho watu wakamilishe thelathini. Tukalala kwa amani. Hatukujua kwamba kule Changamwe mwezi umeandama tangu saa kumi na moja jioni, tena kwa maandishi.

Wapishi walisoma karatasi yao, wakatazamana. Mmoja akasema mbona redio haijasema. Mwenzake akamjibu, karatasi imesema. Wakaoka keki.

Asubuhi niko nje nachagua mchele, mara kikaja kitoto cha jirani, kimevaa gauni jipya lenye marinda, mashavu yamejaa makombo.

"Bi Mwanasaumu, mkono wa Idi!" kikakinga kiganja kipewe senti.

"Idi ya wapi wewe? Leo watu wamefunga."

"Idi ya lori," kikanijibu, kikanipa karatasi.

Mimi nimesoma madrasa na shule ya ngumbaru, kusoma najua. Karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa: MWEZI UMEANDAMA. IDI MUBARAKA KWA WATEJA WETU WOTE. LEO HAKUNA BOFLO. Nikainua macho. Mtaa umegawanyika. Huku watu na kanzu zao nyeupe wanapeana mikono, huku wengine wanawafokea, "Nyinyi mmefungulia mwezi gani?" Na hawa wanajibu, "Kampuni kubwa ile itadanganya? Wao wana simu, wamepiga Makka!" Sisi hapa pwani kila mwaka twagombana juu ya mwezi, huyu kafuata wa hapa, yule kafuata wa ng'ambo. Ukitaka kumwaminisha mtu wa Likoni kwamba mwezi umeonekana mahali, huhitaji jasho.

Nikamwita Ishaka. Akatoka na kikoi na fulana, mswaki mdomoni. Akaichukua karatasi. Mswaki ukaanguka.

"Barazani," akasema. Akakaa chini mchangani. "Shangazi, nimepeleka sufuria."

"Mungu wangu! Imefika wapi?"

"Kila mahali." Kisha akainua uso, rangi imempotea. "Lori la huku, kituo chake cha kwanza ni kibanda cha Bi Mwanarehema."

Hapo na mimi nikakaa mchangani.

Yaliyotokea kwa Bi Mwanarehema tuliyasikia dakika ile ile, maana Timbwani habari haina kizuizi. Redio yake ilikuwa imeisha betri. Alfajiri lori limefika, dereva kamkabidhi maboksi ya keki na karatasi. Bi Mwanarehema akamshukuru Mungu. Akaoga, akajifukiza udi, akavaa leso mpya ambayo hata gundi yake haijatoka. Akakumbuka kwamba ni sunna mtu kuonja kitu kabla ya kwenda kusali Idi, akala keki. Dhahabu naye akala, tatu. Akabandika sufuria ya pilau, akamwachia jirani autazame moto, akabeba mkeka wake kwenda kiwanjani na binti yake nyuma. Kufika, hakuna mtu. Mbuzi tu, na vijana wawili wanapigiana mpira. Bi Mwanarehema akatandika mkeka, akakaa, akaanza kuwalaumu Waislamu wa siku hizi kwa uvivu. Alikaa pale muda mzuri kabla ya mpita njia kumwonea huruma.

"Shangazi," Ishaka akasema, "lazima nikamwombe radhi. Ngoja nikajaribu maneno chumbani, halafu wewe ukae pale kitini—"

Lo! Damu ilinipanda. "Mazoezi? Mazoezi tena? Mama wa watu kakaa na mbuzi kiwanjani, wewe wataka kuongea na mto? Inuka!" Nikamshika mkono nikamkokota vile vile alivyo, kikoi na fulana, mtaa mzima unatutazama. Analia, "Shangazi, sijajipanga!" Namwambia, "Na Idi yako nayo ilijipanga?"

Tumefika, baraza ya Bi Mwanarehema imejaa majirani waliokuja kumpa pole. Pole gani? Walikuja kutazama. Kila mmoja ameuma mdomo wa chini asicheke. Harufu ya pilau imetanda uani, na yeye mwenyewe amesimama katikati na leso yake mpya, shingo imemsimama.

"Ndoo hapa," akamwita Ishaka. "Karatasi hino kaiandika nani?"

Midomo ya Ishaka ikaanza kucheza. Nikamfinya mgongoni kwa nguvu zangu zote.

"Mimi!" akapiga ukelele.

"Nani kakwambia mwezi umeandama?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa najaribu, nikasahau kuuondoa."

Jirani mmoja, mwenye roho nzuri, akaingilia. "Bi Mwanarehema, mtoto hana kosa. Hizo kompyuta zina mashetani, mimi nimeambiwa."

Nikasema moyoni, alhamdulillahi, njia imepatikana, ipite hiyo, mwanangu. Ishaka huyo akatikisa kichwa.

"La," akasema. "Kompyuta ilifanya kama nilivyoiambia. Kosa ni langu. Nimekulisha mchana wa Ramadhani, mama. Nisamehe." Na machozi yakamtoka, mtu mzima na ndevu zake, mbele za watu. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi.

Bi Mwanarehema akamtazama kwa muda, macho hayapepesi. Kisha akaitazama leso yake. Akatazama kule uani inakotoka harufu ya pilau. Akawatazama majirani mmoja mmoja, na mmoja wao ikamponyoka, akacheka puani.

"Mwacheka nini?" Bi Mwanarehema akanguruma. "Nani kawaambia mimi nimevaa kwa sababu ya Idi?"

Akaikaza leso yake kiunoni.

"Leo nampa mtu mchumba. Dhahabu ameposwa, na huyu hapa ndiye mkwe wangu. Pilau hiyo ni ya magharibi, na keki hizo pia, mwakaribishwa nyote kufuturu. Mtu akiozesha mwanawe hawezi kuvaa leso mpya?"

Majirani midomo wazi. Mmoja, mbishi kuliko wote, akauliza, "Na kiwanjani je, ulikwenda na mkeka kufanya nini?"

"Kupima," Bi Mwanarehema akajibu bila kupepesa. "Wageni wa harusi watakuwa wengi."

Mimi sikungoja. Nilipiga vigelegele vya haraka haraka kabla hajabadilisha nia, koo likakauka, saumu ikanikumbuka. Ishaka amesimama tu, hajui kama amefukuzwa ama amekaribishwa.

"Na mimi?"

Sauti ilitoka mlangoni. Ni Dhahabu, ameegemea kizingiti, mikono kifuani. Wote tukageuka.

"Jibu la mama umelipata," akamwambia Ishaka. "La kwangu hujaliuliza. Tangu uanze vituko vyako umezungumza na mama, umezungumza na shangazi yako, na nasikia umezungumza na mto. Mimi hujawahi kuniambia hata habari za asubuhi."

Na ni kweli, wallahi. Kwa miezi yote ile Ishaka alikuwa ametengeneza maneno ya kila mtu, ila kwa Dhahabu hakuwa na hata neno moja.

"Nimekula keki tatu kwa sababu yako," Dhahabu akaendelea, na hapo hakuwa na mzaha tena, maana yeye kweli alikuwa na uchungu. "Sijawahi kula siku ya kufunga tangu nianze kufunga. Nitalipa siku hiyo peke yangu, katika joto hili, wenzangu wote wakila."

"Si peke yako," Ishaka akasema.

"Kwani wewe pia umekula?"

"Sijala."

"Sasa?"

"Nitafunga na wewe."

Midomo haikumcheza kwanza. Maneno yalimtoka tu, na yeye mwenyewe alishtuka kuyasikia. Dhahabu akamtazama, kuanzia ile fulana yenye tundu mpaka miguu isiyo na viatu. Akaingia ndani akafunga mlango.

"Mwambieni akavae shati," akasema kutoka ndani. "Wajomba zangu watakuja kumwona."

Siku ile alivuka kwenda Changamwe mbio, akairudisha Barazani kama inavyotakiwa. Meneja alimfokea mpaka akachoka, kisha akafungua hesabu akaona keki zimekwisha kabla ya adhuhuri, hata waliokuwa wamefunga walizinunua za kuweka, akamwuliza kwa sauti ya chini kama mwaka ujao anaweza kukosea tena. Nicanor alikuja kufuturu nasi kwa Bi Mwanarehema, amejiinamia. "Brathe, nilikusikia ukibisha," akamwambia Ishaka. "Lakini mdomo ulikuwa umejaa." Bi Mwanarehema akamjazia sahani mara mbili, akimwambia ale wazi wazi, asijifiche tena chini ya meza ya mtu. Kesho yake Idi ya kweli ikaingia, na Mombasa nzima upande wetu huu ikala boflo, maana vya kuokea keki vyote vilikwisha kwenye ile Idi ya lori.

Siku ya pili ya Idi nilipika biriani. Nimeipika kwa furaha, mkwe nimepata, aibu imepita, kuku mmoja nimemchinja. Nikaandaa sinia, nikamwita Ishaka. Akaja akakaa mbali, mgongo ukutani, hakunyoosha mkono.

"Kula, mwanangu, biriani inapoa."

"Nimefunga, shangazi."

"Umefunga nini?" Nikaanza kupandisha sauti. "Wewe hudaiwi. Umefunga mwezi mzima mimi nakuona kwa macho yangu, thelathini kamili, hata maji hukuonja. Nimeamka usiku nimekatakata vitunguu kwa mikono yangu hii. Kula!"

Akanitazama, midomo imemkauka, jasho linamtoka, na joto ndiyo kwanza linaanza.

"Dhahabu hajala," akasema.

Nikatazama biriani yangu. Nikamtazama yeye. Nikachukua kawa nikalifunika sinia, nikatoka naye nje tukakaa kungoja magharibi, mimi ambaye sidaiwi hata nusu siku, na tumbo linanitukana.